Uzi: Nimepiga hesabu ya cheti cha afya cha miezi sita, R imetoka 2 ikaja 1.97. Njooni mnikosoe

KisuButu (Malindi)

Asalaam aleikum wadau, na wengine wote habari za jioni. Huu uzi mrefu, mwenye bando ya kukopa apite tu salama.

Leo asubuhi nlikua kwa foleni ya cheti cha afya, ile yetu sisi watu wa kushika chakula, kila miezi sita lazima uende na kichupa chako cha choo umekizungushia tishu umekificha kwa mfuko wa shati kama umebeba dhahabu ya bibi. Mbele yangu jamaa wa viazi karai, nyuma yangu binti ameanza kazi juzi tu hoteli moja ya ufuoni, sare yake bado ina mikunjo ya dukani. Akaniuliza, "Kakangu, wakinipima leo nikawa mzima, alafu kesho nikashika ugonjwa, watajulia wapi?" Nikamwambia watajua baada ya miezi sita. Akacheka, mi pia nikacheka, lakini nilipofika nyumbani lile swali likanikaa kooni kama mwiba wa changu.

Mnaonijua mnajua nilitoka jikoni nikarudi shule kusoma takwimu, na bado wikendi nakata nyanya ili karo ipatikane. Sa nikakaa barazani, nikafungua Excel kwa simu, na hichi ndo kilichotoka.

Chukua mtu mmoja ameshika ugonjwa wa kuambukiza. Nitatumia korona maana sote tuliisomea kwa lazima. Tufanye siku zake za kuambukiza wengine ni 6, na asipozuiwa na mtu ataambukiza wenzake 2 pale kazini kabla makali hayajaisha. Wenye fani hiyo 2 wanaiita R. Hizo namba za kuanzia nimeziweka mimi, usizipeleke hospitali, nataka tu tuone mashine inazunguka vipi.

Kipimo chenyewe hakimtibu mtu wala hakimkingi aliyesimama kando yake. Kinachosaidia ni zile siku ambazo huyu mtu angekua jikoni anapumulia wenzake na badala yake yuko kwao amelala. Kwa hivyo swali zima la modeli ni moja tu, katika zile siku 6 kipimo kimeniokolea ngapi?

Tuanze na cheti chetu. Siku 180 kati ya kipimo na kipimo. Bahati ya siku yako ya kupimwa kuangukia ndani ya zile siku 6 ni 6 kwa 180, mtu mmoja kwa thelathini, na huyo mmoja kwa wastani ashamaliza nusu ya siku zake anapokamatwa. Ukigawanya vizuri umeokoa sehemu ya kumi ya siku. R inatoka 2 inakuja 1.97. Wallahi nilicheka peke yangu mpaka paka akaondoka.

Haya, tupime kila wiki, kipimo hakikosei hata mara moja, na majibu hapohapo. Unaokoa siku kama 2.6, yaani asilimia 43, R inashuka mpaka 1.14. Safi. Sasa kipimo kilekile cha kila wiki, kilekile kisichokosea, lakini majibu yanakuja baada ya siku mbili na mtu anaendelea na kazi akisubiri. Siku unazookoa zinabaki 1.1 tu, asilimia 19, R ni 1.62. Majibu yakichukua siku tano? R ni 1.98. Rudia kusoma hapo. Kupima kila wiki kwa mashine ya bei ya gari, majibu siku tano, ni kubaya kuliko kile cheti cha miezi sita kama kingekua na majibu ya papo hapo.

Alafu nikaweka kile kipimo cha haraka cha pua, cha dakika 15, ambacho watu walikidharau sana. Nikakipa uwezo wa kukamata wagonjwa 70 kwa 100, nikapima mara mbili kwa wiki, majibu palepale mlangoni. Asilimia 53 ya siku za kuambukiza zimeondoka. R 0.95. Imeshuka chini ya moja!

Kwa hivyo mimi nasema kinachobeba mzigo ni kupima mara ngapi na majibu yanakuja lini, huo usahihi tunaogombania unafuata nyuma. Haya njooni.

TuktukNamba9

Bro kwani sa hizi wewe mpishi ama mwalimu wa hesabu? Nimesoma nimefika kwa paka nikachoka lol. Narudi usiku nikishapaki.

BintiBarani

Kaka Kisu, umeongea ukweli kuhusu majibu. Hebu waambie ile ya matunda, wasidhani unaongea vya kwenye karatasi.

KisuButu

@BintiBarani eh dada, we hausahau.

Haya. Mnakumbuka Kilifi yetu ilifungwa Aprili 2020, hakuna kutoka hakuna kuingia, Juni wakafungua, na tarehe 1 Agosti ndege za nje zikarudi. Hoteli nliyokua (jina sitaji) ikafungua na nusu ya stafu. Wakubwa wakasema tutapimwa kila mwezi, sampuli inasafirishwa, majibu kwa simu. Mwenzangu wa meza ya matunda alipimwa Jumatatu. Hana dalili hata moja, mzima kama kigongo. Jumanne alikata mapapai. Jumatano kamba ya eproni yangu ilikatika akanifungia kwa nyuma na pini, tukala ugali na mchicha kwa sinia moja sote sita. Alhamisi vilevile, Ijumaa vilevile. Jumamosi kama saa tano hivi simu yake ikalia iko juu ya friza, akapokea na mkono wenye maji ya embe, nikamwona uso umebadilika. Akaambiwa aende nyumbani siku 14.

Angalia sasa. Siku alizokua na makali alizimaliza na sisi. Alipofungiwa ndani alikua hana tena la kumpa mtu, na sisi ndo tulikua tunaanza kukohoa. Kipimo kilikua sahihi kabisa, hakikukosea kitu.

SistaWaLabu

Nimepita tu lakini mmenishika pabaya, hii ndo kazi yangu kila siku.

Mdogo wangu KisuButu, mwelekeo wako uko sawa ila umelainisha mambo matatu. La kwanza, kipimo hakina uwezo mmoja siku zote. Siku moja mbili baada ya kuambukizwa hata PCR, kile kipimo cha mashine ya labu, inaweza kukwambia uko sawa, virusi bado havijafika idadi ya kuonekana. Vikipanda ndo vyote viwili vinakamata, na hapo kile cha haraka kinafanya vizuri zaidi ya sifa yake, maana kinakosa zaidi wale wenye virusi vichache, na hao wengi wao hawaambukizi sana. Kwa hivyo hiyo 70 yako ukiihesabu kwa zile siku za makali peke yake inaweza kupanda.

La pili, PCR ina mkia mrefu. Mtu ashapona, haambukizi, na bado inamkamata kwa wiki kadhaa kwa sababu inaona mabaki. Modeli yako haina watu wa namna hiyo. Kazini wapo, na unawafungia nyumbani bure.

La tatu ndo kubwa, umesahau dalili. Korona mtu huanza kuambukiza kama siku mbili kabla hajaumwa, akishaumwa wengine hukaa nyumbani wenyewe bila kupimwa. Zile siku huwezi kuzihesabu tena kama ushindi wa kipimo. Watu wa Imperial College ya London mwaka 2020 walipiga hesabu ya wahudumu wa afya, wapimwe PCR kila wiki, majibu ndani ya saa 24, wakapata mchango wao kwenye maambukizi unapungua kama asilimia 23, juu ya kile ambacho kukaa nyumbani ukiwa na dalili kushafanya. Wewe ulipata 43. Sehemu ya tofauti iko hapo, nyingine ni yale majibu ya saa 24.

KisuButu

Dada shikamoo, na asante. Dalili kweli niliziacha makusudi maana pale kwetu mtu mwenye dalili alikua haendi nyumbani, alikua anameza panado na kuingia. Lakini nimekubali, kwa mahali ambapo watu wanapumzika wakiumwa 43 yangu ni kubwa mno.

MzeeWaSabaki

Vijana mnazungumza vizuri. Mimi nilifanya kazi za chumvi huko Gongoni miaka mingi, tukilala wanaume wanane chumba kimoja, dirisha moja, na limezibwa gunia kwa ajili ya mbu. Pale ugonjwa wetu ulikuwa kifua kikuu. Sasa wewe umekidharau kipimo cha miezi sita mpaka paka amekimbia. Kwa kifua kikuu je?

KisuButu

Mzee wangu, hilo swali limenilaza macho. Nimerudi kwa Excel.

Kifua kikuu hakina haraka. Mtu asiyetibiwa anaweza kukohoa na kuambukiza kwa miezi, hata mwaka na zaidi. Tufanye mwaka, siku 360 kwa urahisi wa hesabu. Ukimpima kila siku 180 hawezi kukukwepa, lazima kipimo kimkute, na kwa wastani kinamkuta siku ya 90. Umeokoa siku 270 kwa 360. Asilimia 75!!

Miezi sita ileile, mstari uleule wa Excel, korona inakupa asilimia 1.7 na kifua kikuu inakupa 75. Kwa hivyo nafuta nilivyosema kwamba cheti ni upuuzi. Cha kuuliza ni muda kati ya kipimo na kipimo ukiulinganisha na siku za mtu kuambukiza. Ugonjwa wa siku 6 unataka kipimo cha kila siku chache, ugonjwa wa mwaka unakuvumilia.

Na sa ndo nimeelewa hichi kichupa kinatafuta nini. Kinatafuta mbebaji wa taifodi. Wagonjwa wachache wa taifodi, kama 1 mpaka 5 kwa 100, hupona kabisa lakini bakteria wanabaki wamejificha kwa kifuko cha nyongo na mtu anawatoa kwa choo miaka na miaka bila kujua. Huyo ana "siku za kuambukiza" za maisha.

SistaWaLabu

Na bado mbebaji hatoi bakteria kila siku. Leo wapo, kesho hawapo. Kichupa kimoja kila miezi sita kinaweza kumkosa mara nyingi tu. Ndo maana kikao cha wataalamu wa Shirika la Afya Duniani tangu 1989 kilisema kuwapima wapishi mara kwa mara kama desturi hakuna tija, bora uwafundishe usafi na uwawezeshe kusema wakiharisha. Sisemi watu wasiende kuchukua cheti, sheria ni sheria. Nasema cheti kisifanye mtu asahau sabuni.

TuktukNamba9

Nimerudi. Kwa hivyo yule wa viazi karai aliyekua mbele yako ni salama ama si salama maana mi hula pale kila siku

SistaWaLabu

Angalia mikono yake kabla ya cheti chake.

BintiBarani

Mi nina langu na si la hesabu. Nyote mnaandika "anapimwa, anakutwa nao, anakaa nyumbani" kama mtu anahamisha kiti. Nani anamlipa?

Mwanzo wa 2024 macho mekundu yalipoingia pwani mnakumbuka. Ule ugonjwa hauhitaji labu, kipimo chake ni kioo. Bure, kila asubuhi, majibu sekunde moja. Kwa modeli ya kaka Kisu ungekwisha wiki ya kwanza! Lakini pale kazini kibarua mwenye jicho jekundu aliambiwa rudi ukipona, na siku ya kibarua isiyofanywa hailipwi. Basi nikaona weta watatu wamevaa miwani ya jua ndani ya restoranti saa moja usiku, wanabeba supu. Mgeni mmoja Mtaliano akadhani ni mtindo wa hoteli akataka kupiga nao picha. Mmoja wao alikua na mtoto mchanga, mume yuko baharini, sasa unamlaumu vipi. Jioni tunapeana kitambaa kimoja cha kupanguzia trei. Wiki iliyofuata tulikua kumi na kitu.

KisuButu

Dadangu hapa umenivua nguo.

Nimeiweka. Kipimo cha haraka mara mbili kwa wiki, asilimia 53 ileile, ila safari hii waliokutwa nao ni 60 kwa 100 tu wanaokaa nyumbani kweli, 40 wanavaa miwani (kila mtu na miwani yake). Inabaki asilimia 32 tu. R inarudi 1.37. Kwa vizazi vinne vya kuambukizana, mtu mmoja wa kwanza anageuka watu 10. Wakikaa wote nyumbani ni watu 4 na nusu. Bila kupima kabisa ni 31. Kwa hivyo mshahara wa siku za kuumwa umo ndani ya hesabu, ni namba kama namba nyingine, na ina nguvu kuliko hiyo 70 ya uwezo wa kipimo tuliyokua tunabishania.

Na hili si la Malindi peke yake. Kuna yule mpishi wa New York, Mary Mallon, mbebaji wa taifodi. Walimgundua 1907, wakamtenga kisiwani, 1910 wakamwachilia kwa ahadi kwamba hatapika tena. Wakampa kazi ya udobi. Udobi ulikua unalipa kidogo kuliko upishi. Akabadilisha jina akarudi jikoni, na 1915 wakamkuta anapika kwenye hospitali ya wazazi, watu 25 wameugua na wawili wamekufa. Akarudishwa kisiwani mpaka alipokufa 1938. Walimpima sawasawa, majibu walikua nayo, sehemu iliyowashinda ni hii ya BintiBarani.

HesabuKali

Nimesoma yote kimya kimya. Samahani lakini kuna makosa, na la kwanza linaumiza.

Unashangilia R 0.95 kama umefunga goli. Chini ya moja si sifuri, bwana. Ukiwa na R ya 0.95 kila mtu mmoja anayeingia na ugonjwa kutoka nje anaacha nyuma yake, ukijumlisha mnyororo mpaka ukatike wenyewe, 1 gawanya kwa 1 toa 0.95. Ni 20, yeye mwenyewe akiwemo. Watu ishirini! Unakatika ndio, lakini polepole sana, na stafu wako hawalali hotelini, wanatoka Maweni, Muyeye, Kisumu Ndogo, wanabanana kwa matatu, kila wiki anaingia mpya na ugonjwa wake.

Kosa la pili, hiyo 31 yako inadhani watu wa kuambukizwa hawamaliziki. Hoteli ina watu 80 tuseme, wakishaugua 31 huyo wa 32 anakutana na waliopona karibu mara 4 kwa 10. Hesabu ya 1927 ya Kermack na McKendrick, wale wa hesabu za magonjwa, ilishaliweka hilo, wasioambukizwa wanapungua na moto unapungua nao. We umefanya kama kuni haziishi.

Nyingine ndogondogo nitakusamehe.

KisuButu

Hizo ndogondogo ungesema tu maana ushanichoma tayari 😂

La kuni nakubali bila ubishi, nilifupisha. La 20 sikulijua, nimekaa nalo tangu adhuhuri. Kwa hivyo nikajaribu kitu kingine. Kabla ya kupima mtu yeyote, nishushe ile 2 ya mwanzo. Kantini ya stafu ihamie nje chini ya mti wa mkungu, madirisha ya kichen yafunguliwe, shifti mbili zisikutane pale mahali pa kubadilisha nguo. Tuseme hayo peke yake yanaleta 1.4, nimekisia. Alafu weka kipimo juu yake, 1.4 mara 0.47 (ndo inayobaki ukitoa ile asilimia 53) ni 0.66. Sasa anayeingia na ugonjwa anaacha mnyororo wa watu 3 na yeye mwenyewe yumo, sio 20. Kipimo ni kilekile, kazi yake ndo imebadilika kwa sababu ya mkungu.

HesabuKali

Sasa unaongea. Mkungu uuweke kwenye bajeti.

MenejaWaShifti

Mimi niko upande ule mwingine wa meza na najua mtanipiga mawe.

Watu 80 mara mbili kwa wiki ni vipimo 160 kila wiki. Kipimo ambacho kinasema ukweli kwa wazima 99 kati ya 100, hiyo ni sifa nzuri, bado kitanipa mtu mmoja na nusu kila wiki ambaye hana kitu na nimemrudisha nyumbani. Mwezi mmoja ni wazima sita hivi. Nikirudisha mpishi mkuu Jumamosi ya harusi ya watu 300 na Jumatatu nikaambiwa alikua mzima, wiki ya tatu hakuna atakayeniamini tena, na hapo watu wanaanza kukwepa kupimwa. Hilo nalo mliweke kwa Excel.

SistaWaLabu

Hoja halali, bosi. Na wakati ugonjwa umepungua mjini, wengi wa wanaokutwa nao wanakua ni hao wa uongo, kwa sababu wagonjwa wa kweli ni wachache na wazima ni wengi. Dawa yake ni kumpima mara ya pili saa hiyohiyo kwa kipimo cha aina nyingine, akisubiri nje, sio kumpeleka nyumbani kwa kipimo kimoja.

HesabuKali

Ama kuchanganya sampuli. Robert Dorfman 1943, jeshi la Marekani walitaka kutafuta kaswende kwa makuruta bila kupima kila damu, akasema changanya damu za watu kadhaa upime mara moja, ikija safi wote safi, ikija chafu ndo upime mmoja mmoja. Kwa watu 80, makundi ya watano watano, na ugonjwa uko kwa mtu mmoja katika mia, unatumia vipimo kama 20 badala ya 80. Meneja atalala.

SistaWaLabu

Atalala, lakini sampuli za kuchanganya zinaenda na PCR, na PCR inarudi labu, na labu inarudi siku mbili tatu. Tumerudi kwa ile R 1.62 ya mwanzo. Kama mashine iko hapo mjini na majibu yanatoka jioni, sawa kabisa.

TuktukNamba9

Mi sikuelewa kaswende imeingiaje kwa hoteli ila naendelea kusoma

MzeeWaSabaki

Kuna nchi iliyojaribu kweli haya, au yote ni ya kwenye simu?

HesabuKali

Ipo mzee. Slovakia, Oktoba na Novemba 2020, walipima karibu nchi nzima kwa vile vipimo vya haraka, wikendi ya kwanza tu watu kama milioni 3.6. Aliyekutwa nao alitakiwa kukaa ndani, yeye na wote wa nyumba yake. Wilaya zilizorudia wikendi iliyofuata kiwango cha waliokutwa nao kilishuka zaidi ya nusu kwa wiki moja. Lakini wakati uleule walikua wameweka na masharti mengine ya kutotembea, kwa hivyo kutenganisha kipi kilifanya nini ni kazi. Na baridi ilipokolea ugonjwa ukapanda tena, maana hawakuendelea kupima namna ile. Kupima mara moja ni kufagia uani siku ya upepo.

BintiBarani

@MenejaWaShifti sijakupiga jiwe ila nataka jibu. Ukimrudisha mtu nyumbani, wa kweli ama wa uongo, unamlipa?

MenejaWaShifti

Wa kudumu ndio. Kibarua haiko mikononi mwangu, mi mwenyewe naandika tu ripoti inaenda juu.

BintiBarani

Basi andika hiyo 1.37 kwa ripoti.

MenejaWaShifti

KisuButu, hiyo faili ya Excel unaweza kunitumia? Nataka niweke watu wangu, kichen peke yake, hausikipingi peke yake, nione. Nisaidie pia pale pa kuweka siku za malipo.

KisuButu

Nakutumia usiku huu nikishairekebisha, nimeona seli moja nilikua nimegawa kwa 7 mahali pa 3.5, namba nilizowapa hapa ni sahihi ila faili lenyewe lina uchafu. Utaona safu ya njano imeandikwa "wanaokaa nyumbani kweli". Anza kuchezea hiyo kwanza kabla hujagusa kingine.

SistaWaLabu

Na wewe kichupa chako kimeendaje?

KisuButu

Kimepokelewa dada. Wameniambia nirudi Alhamisi kwa majibu.

TuktukNamba9

Na kesho?

KisuButu

Kesho niko shifti ya asubuhi. Meza ya matunda.